Mwaka mzima niliwakimbia marafiki zangu kwa sababu ya michango na deni: nilivyorudi kwao

Mwanzisha uzi, Jinja

Ndugu zangu, salaam. Nimesoma mazungumzo ya hapa kwa muda mrefu bila kuandika neno. Leo naandika kwa sababu naamini wapo wengine waliojificha kama nilivyojificha mimi mwaka jana, na huenda wakapata humu njia ya kutokea.

Sisi ni marafiki wanne, na wote ni watoto wa kambi. Baba zetu walikuwa askari hapa Jinja, mmoja Mlugbara, mwingine Mganda, mwingine Mteso na mwingine Msoga, na kwa kuwa watoto hatukujua lugha za majirani zetu, Kiswahili cha baba zetu ndicho tulichochezea, tukagombania, na tukatumwa nacho kuomba chumvi nyumba ya pili. Mwaka 1997, serikali ilipoanzisha elimu ya msingi bila ada, madarasa yalijaa ghafla hata wengine wakawa wanakaa chini ya mwembe, na sisi wanne tukabahatika kupata benchi moja la watu wawili. Ukikaa na mtu miaka kadhaa kwenye benchi la namna hiyo, ukilala bega lake na yeye akilala lako, hamwezi tena kuwa watu wa kujuana tu.

Leo mmoja wetu ni mwalimu wa shule ya msingi, anakaa Walukuba. Wa pili alirudi na mama yake upande wa Masaka baada ya baba yake kufariki, na huko analima kahawa. Wa tatu ni dada yetu, muuguzi Mbale. Mimi ni fundi wa kuchomea vyuma. Natengeneza mageti, milango na madirisha. Kundi letu la simu lilikuwa halilali. Ile kodi ya mitandao ya shilingi 200 kwa siku ilipoanza Julai 2018, tulikuwa tukilipiana kwa zamu ili asikosekane mtu hata siku moja, na ninayesimulia hapa ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote juu ya zamu hizo.

Mwaka jana ulianza na kuku. Nilikopa shilingi 5,000,000 kwenye Sacco, yaani chama cha akiba na mikopo, mwalimu akanidhamini kwa akiba yake, nikafuga kuku 300 wa mayai. Walikuwa na wiki kumi na saba, yaani karibu kuanza kutaga, nilipokwenda kununua chanjo ya mdondo ya kurudia. Niliibeba kwenye chupa ya chai yenye barafu, nikapita kazini kumalizia geti la mteja, na nilipoifungua nyumbani jioni, barafu ilikuwa imekwisha na ndani mlikuwa na maji ya uvuguvugu. Nilijua kwamba chanjo ile haivumilii joto. Nilisimama nayo mkononi kwa muda, nikaangalia saa, nikaona duka limekwisha kufungwa, kisha nikaichanganya na kuwapa hivyo hivyo. Ugonjwa ulipoingia mtaani, kuku wangu walikuwa kama ambao hawajawahi kuchanjwa. Walianza kuharisha kijani, shingo zikajipinda hadi kichwa kinatazama mgongoni, wakawa wanazunguka mahali pamoja. Katika siku tisa nilizika kuku 261.

Yaliyofuata nitayasema kwa ufupi. Marejesho yalinishinda miezi mitatu mfululizo, na Sacco ikakata shilingi 1,850,000 kutoka akiba ya mwalimu. Mwezi wa Juni boda niliyokuwa nimepanda iligongwa karibu na Bugembe, nikavunjika mguu, nikakaa bila kazi zaidi ya miezi miwili. Tulihama nyumba tukaenda kupanga muzigo, chumba kimoja cha watu watano. Mwezi wa Agosti, nikiwa bado natembelea magongo, ukaja ujumbe kwenye kundi kwamba mama wa rafiki yetu wa Masaka amefariki.

Mama yule ndiye aliyetulisha. Katika siku ambazo mishahara ya baba zetu ilichelewa, yeye alikuwa akisonga posho kubwa, yaani ugali, akapika maharage, akaita majina yetu wanne kwa mpigo kama vile wote tumetoka tumboni mwake. Nami sikwenda kumzika. Nilizima simu siku mbili, kisha nikajitoa kwenye kundi.

Nimejiuliza sana kwa nini. Mguu ungeweza kuwa sababu, lakini haukuwa sababu, kwa sababu wiki hiyo hiyo nilipanda taksi, yaani basi dogo la abiria, kwenda Iganga kumwona mteja. Ukweli ni kwamba sikuwa na mabugo. Walio Buganda wanajua kwamba mchango wa msiba unaitwa hivyo, na kwamba jina la mtoaji huandikwa kwenye daftari pamoja na kiasi alichotoa. Niliona jina langu kwenye daftari lile likiwa na shilingi elfu tano, mbele ya watu wanaojua kwamba mama huyu ndiye aliyenilea, nikaona ni heri lisiwepo kabisa. Na nyuma ya hilo palikuwa na mwalimu, ambaye lazima angekuwepo, na ambaye nilikuwa sijamweleza kwa mdomo wangu kwamba akiba yake imeondoka kwa ajili yangu. Alijulishwa na Sacco.

Tangu hapo kila mwezi ulinifungia mlango mwingine. Dada wa Mbale alijifungua, sikumpongeza, kwa sababu hongera bila zawadi niliiona ni aibu. Mwalimu alikuwa akijenga, sikwenda kutazama. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Mimi matanga yenyewe niliyaona kwa namna ya kupotea: watu walionipenda walikuwa hai, wako mahali pao, na mimi nikiwa nawakwepa barabarani kwa kugeukia vichochoro.

Aliyenitoa huko ni dada yetu. Mwishoni mwa Oktoba alinipigia kwa namba nisiyoijua, nami nikapokea nikidhani ni mteja. Nilitarajia maneno ambayo kila mmoja wetu huyasema: mbona umepotea, mbona hushiki simu, tumekukosea nini. Yeye aliuliza, "Umekula nini leo?" Nikajibu kwamba nimekula kikomando, yaani chapati na maharage. Akauliza, "Na jana?" Tukaendelea hivyo hadi tukafika kwenye kuku. Nadhani ningeulizwa sababu ya kupotea ningedanganya, kwa sababu uongo wa swali lile nilikuwa nimeuandaa miezi mingi. Wa swali la chakula sikuwa nao.

Kabla ya kukata simu alinipa agizo moja tu, kwamba niende kwa mwalimu kabla ya Jumapili, na kwamba neno la kwanza kinywani mwangu liwe kiasi cha deni.

Nilikwenda Jumamosi asubuhi. Mwalimu alikuwa uani anachota maji. Nilimwambia nikiwa bado mlangoni, "Ni shilingi 1,850,000, na najua ni zako." Aliweka jerikeni chini, akanitazama mguu, akaniuliza kama umepona. Kisha akaingia ndani akarudi na daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada, tukakaa kwenye benchi tukaandika. Madirisha sita ya nyumba yake mpya yalihitaji nondo. Chuma atanunua yeye, na ufundi wangu tukaupangia shilingi 50,000 kwa dirisha, bei ile ile ninayowatoza wengine. Hizo zikawa 300,000. Zilizobaki, 1,550,000, nitalipa 100,000 kila mwezi. Nilitaka kumfanyia madirisha bure, akakataa kabisa. Alisema kwamba ufundi wa bure hauandikiki, na kisichoandikika kitakuja kusemwa siku ya ugomvi. Sijawahi kusikia neno la heshima kuliko hilo mwaka mzima.

Masaka nilikwenda mwishoni mwa Novemba. Kutoka kituo cha taksi cha Kampala hadi tunapita Mpigi na mstari wa ikweta pale Kayabwe, nilikuwa nikipanga hotuba. Tulipofika Lukaya, wachuuzi wakazunguka gari na vijiti vya nyama na gonja, yaani ndizi, za kuchoma, jambo ambalo kwetu wanne lilikuwa ndiyo sikukuu ya safari, lakini siku hiyo sikununua kitu, niliendelea kupanga maneno.

Hotuba ile sikuitoa. Niliposhuka kwenye boda mbele ya nyumba yao, wingu lilikuwa limeshuka kutoka upande wa ziwa, na uani pote pametandazwa maturubai ya kiboko, ndivyo tunavyoiita kahawa kavu ikiwa bado na maganda yake. Rafiki yangu aliniona, na alichosema ni, "Shika upande huo!" Nikashika. Tulikunja maturubai kuelekea katikati, tukajaza magunia kwa mabeseni, mkewe akishikilia mdomo wa gunia na watoto wakiokota zilizomwagika, na mvua ikatukuta kwenye gunia la mwisho. Tulijibanza wote chini ya bati la jikoni, tumelowa, tunahema, vumbi la kahawa limetugandia mikononi. Alitia mkono kwenye gunia, akatoa punje chache, akazitikisa karibu na sikio kusikia kama bado zinalia, akaniletea na mimi nisikilize. Ndipo nikamwambia, "Nisamehe kwa mama." Akasema, "Twende ukamwone."

Kaburi liko nyuma ya migomba. Aliniambia hapo kwamba mama alifunikwa kwa mbugo tano. Lubugo, wingi wake mbugo, ni nguo ya gome la mti wa mutuba, linalobanduliwa mtini na kugongwagongwa kwa nyundo za mbao mpaka lilainike na kupanuka, na ndiko lilikotoka jina la mabugo: zamani uliyefiwa uliletewa nguo yenyewe ya kumzungushia marehemu wako. UNESCO iliitambua kazi hiyo ya mikono mwaka 2005, na bado Waganda huzikana kwayo. Kisha akasema maneno ambayo nimeyabeba tangu siku hiyo: "Nguo zilitosha. Aliyepungua ni mtu mmoja wa kumbeba, tukamtafuta jirani."

Hilo ndilo ninalotaka kulisema katika uzi huu. Nilidhani wananihesabia fedha ambazo sikutoa, na kumbe walikuwa wanahesabu mabega. Naomba wenye habari za namna hii wachangie, hasa waliokuwa upande wa kusubiri.

Mchangiaji, Kasese

Ndugu mwanzisha uzi, pole kwa mwaka huo. Nitaongeza jambo moja kutoka huku. Mto Nyamwamba ulipofurika Mei 2013 na tena Mei 2020, ulibeba nyumba, madaraja na sehemu ya hospitali ya Kilembe, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliobaki na nguo za mwilini tu. Lakini sikumwonea haya mtu yeyote, wala hakuna rafiki niliyemkwepa. Tulilala shuleni pamoja, tukapanga foleni ya mahindi pamoja, tukachekana kwa namna tulivyovaa viatu visivyofanana. Miaka mitatu baadaye duka langu dogo lilifilisika peke yake, bila mafuriko, hasara ikiwa ndogo kuliko ile ya mto, na nikajificha miezi minne. Nimekusoma nikaelewa kwamba hasara ya wote haina mwenyewe, lakini hasara ya mtu mmoja huonekana kama tabia yake. Chanjo yako ya uvuguvugu ndiyo iliyokuwa inakuficha, zaidi ya mabugo.

Mwanzisha uzi, Jinja

Ndugu wa Kasese, umegusa mahali penyewe. Kuku wangefia ugonjwa usio na chanjo, nadhani ningekwenda Masaka hata kwa magongo. Kila nilipofikiria kueleza habari za deni, niliona lazima nieleze na ile chupa ya chai, na jinsi nilivyoangalia saa. Mwalimu nilimweleza siku ya tatu ya kazi ya madirisha, wakati nasaga ncha za nondo na yeye ameshika upande wa pili. Alinyamaza kidogo, akasema kwamba mwaka fulani alisahihisha mitihani ya darasa zima akiwa na malaria, na kwamba wapo watoto hadi leo hajui kama aliwatendea haki. Kisha tukaendelea na nondo.

Mchangiaji, Mbale

Nimesoma yote kwa makini, na ninaheshimu ulivyojieleza, lakini nina mawili ya kusema, kaka yangu.

La kwanza, umemwandika dada wa Mbale kama mtu aliyekuokoa kwa simu moja, na mimi ninayeishi mji huo huo na kufanya kazi za zamu za usiku najua simu ile iligharimu nini. Mtu huyo alikuwa na mtoto mchanga. Umesema hukumpongeza. Je, umekwenda kumwona mtoto, au bado yeye ndiye anayekuuliza umekula nini?

La pili ni kubwa zaidi. Umetaja chumba kimoja cha watu watano, maana yake una mke na watoto. Katika maandishi yako yote mke wako hayumo. Mwanamume akijificha, mwanamke hawezi kujificha, kwa sababu yeye lazima aende sokoni, kisimani, kanisani au msikitini, na huko anakutana na wake wa hao marafiki. Nani alikuwa anajibu maswali kwa niaba yako?

Mwanzisha uzi, Jinja

Dada yangu, nimesoma maneno yako mara tatu, na jana usiku nilimsomea mke wangu. Yeye ndiye aliyeniambia nijibu, na ameniruhusu kusema haya.

Kwa mtoto: nilikwenda Mbale Jumamosi ya pili ya Desemba. Nilimchomea kitanda kidogo cha chuma chenye vizuizi pembeni, nikakisugua kwa msasa hadi pasibaki pa kumkwaruza mtoto, nikakifunga juu ya taksi. Mtoto ana miezi mitatu, na amepewa jina la mama wa Masaka. Hilo sikulijua mpaka nilipombeba.

Kwa mke wangu, umesema kweli. Nilikuwa nimemwagiza aseme kwamba nimesafiri kikazi. Alikutana na mke wa mwalimu mara tatu katika Soko Kuu la Jinja, na mara tatu akasema nimesafiri. Mara ya tatu, mke wa mwalimu alimwekea kilo mbili za sukari na sabuni kwenye kapu, akasema, "Msafiri akirudi, atakuta chai." Mke wangu alilia njiani, lakini hakuniambia sukari imetoka wapi. Niliinywa wiki mbili. Ameniambia jana kwamba kilichomuumiza zaidi ya umaskini ni kuwa mwongo kwa mtu aliyejua kwamba anadanganywa na akaamua kumstahi. Nimemwomba radhi mbele ya watoto wakubwa. Na wiki hii amekwenda kwa mke wa mwalimu mwenyewe, bila mimi, na yaliyosemwa huko ni yao.

Mchangiaji, Kawempe, Kampala

Naomba ushauri kwa kuwa hali yangu ni tofauti kidogo. Nilikwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani kwa mkataba wa miaka miwili, nikarudi baada ya miezi kumi na moja kwa sababu ya mwili wangu kudhoofika. Fedha nilizotuma zililipa deni la safari na ada za wadogo zangu. Nimerudi na begi lile lile nililoondoka nalo. Marafiki zangu wa saluni, tuliosuka pamoja miaka sita, wanajua mtu akitoka huko huja na simu, na manukato, na hata kiwanja. Nipo Kawempe mwezi wa pili sasa, wao wako Wandegeya, umbali wa kutembea kwa miguu, nao wanaamini bado niko ng'ambo, na huwa naandika ujumbe kwa saa za huko. Mwenzangu mwenye uzi alikuwa na deni la kutaja. Mimi sina deni kwa mtu. Nitaanza na neno gani?

Mchangiaji, Mbale

Mdogo wangu, karibu nyumbani. Neno la kwanza kabisa ni hilo, kwamba umerudi, na uliseme leo kabla hujaandika ujumbe mwingine kwa saa za jangwani, kwa sababu kila ujumbe wa namna hiyo utakuja kuutolea maelezo. Usiwaone wote kwa siku moja. Mchague mmoja, yule ambaye hata zamani mlikuwa mkiweza kunyamaza pamoja, umwombe akusuke. Mkono wa mtu ukiwa kichwani mwako na nyote mnatazama upande mmoja, maneno hutoka yenyewe. Kuhusu mwili wako, nenda kituo cha afya ukapimwe damu na mafigo, usisubiri. Hilo nakuambia kama muuguzi, si kama mchangiaji.

Mchangiaji, Bombo

Wanangu, mimi ni mzee, na maneno yangu yatakuwa machache, kwa kuwa macho hayataki tena taa ya simu.

Mwaka 1979 sisi Wanubi wengi wa Bombo tulikimbilia Sudani. Niliporudi baada ya miaka saba, nyumba yangu haikuwa na bati hata moja. Mabati yangu niliyaona juu ya nyumba ya rafiki yangu, niliyecheza naye kandanda tangu utotoni. Niliyajua kwa sababu mawili kati yake nilikuwa nimeyapaka rangi nyekundu mwenyewe. Rafiki yangu akawa ananikwepa. Nikipita, anaingia ndani. Nikienda sala ya Ijumaa, yeye anasali mlangoni kabisa na kuondoka kabla ya dua. Nilisubiri aje aseme, na yeye akasubiri nije nidai, ukapita mwaka.

Siku moja ya jua kali nilikwenda mlangoni kwake nikaomba maji ya kunywa. Basi. Aliniletea kwenye kikombe, mkono unatetemeka, nikanywa nikiwa nimekaa chini ya mabati yangu mwenyewe. Kesho yake aliyashusha yote, akayaleta kwa mkokoteni, akanieleza kwamba aliyatoa usiku mmoja na kuyaficha kwa sababu waporaji walikuwa wanapita nyumba hadi nyumba, na kwamba baadaye paa lake lilipoungua alishindwa kuyaacha yakae chini. Sijui kama angenieleza hayo kama ningekwenda kudai. Huyo wa Kawempe naye aende, na wale wa Wandegeya wakisikia kabla yake, waende wao wakaombe maji.

Mchangiaji, Kawempe, Kampala

Mzee wangu, asante sana. Nawe dada wa Mbale, asante. Nimemwandikia mmoja. Amejibu kwa neno moja, "Wapi?", na sasa yuko njiani.

Mwanzisha uzi, Jinja

Ndugu zangu, narudi kueleza tulivyokutana, kwa kuwa wengi wameuliza.

Tulikutana tarehe 27 Desemba kwa mwalimu, Walukuba, baada ya kila mtu kumaliza Krismasi kwao. Rafiki wa Masaka alilala njiani Kampala kwa sababu nauli za msimu zilikuwa zimepanda na magari yamejaa. Dada alitoka zamu ya usiku, akapanda gari la alfajiri na mtoto mgongoni. Asubuhi mimi na mwalimu tulishuka Masese, mwaloni, tukanunua sangara mmoja mkubwa na mukene, yaani dagaa, wa kukaanga, na mke wangu na mke wa mwalimu wakasonga posho katika sufuria ambayo nilidhani haitaisha, ikaisha.

Nilikuwa na hofu kwamba siku nzima itakuwa ya kuzungumzia mwaka wangu. Haikuwa hivyo. Katika nusu saa ya kwanza nilisema yote kwa mpigo mbele ya watatu, pamoja na ile chupa ya chai, kisha nikagundua kwamba nilikuwa nimejifungia na mwaka wangu kiasi cha kutojua kwamba wao pia walikuwa na miaka yao. Dada alikuwa amepoteza mimba kabla ya mtoto huyu, na hakuna aliyejua isipokuwa mume wake. Mwalimu alisimamishwa ujenzi miezi mitatu kwa sababu ya mgogoro wa mpaka wa kiwanja, na miezi hiyo ndiyo ile ambayo akiba yake ilikatwa kwa ajili yangu, kwa hiyo alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa mikono mitupu. Alilisema jambo hilo kwa sauti ya kawaida akichambua mfupa wa samaki. Sikuwa na la kujibu. Rafiki wa Masaka alinisogezea bakuli la mchuzi.

Jioni tulitembea hadi mahali panapoonekana daraja jipya, lile la nyaya lililofunguliwa mwaka 2018, taa zake zikiwaka juu ya Nile. Utotoni tulivuka juu ya bwawa tu, na tulikuwa tunahesabu malori yanayokwenda Kampala, kila mtu na rangi yake. Watoto wetu sita walihesabu pia, wakagombana juu ya rangi ya buluu.

Nimekwisha kulipa miezi miwili, na imebaki 1,350,000. Madirisha yote sita yamefungwa. Mwishoni mwa mwezi huu familia ya Masaka itafanya olumbe, ibada ya kumalizia msiba wa mama, na rafiki yangu ameniagiza uzio mdogo wa chuma wa kuzunguka kaburi. Nilimpa bei, akaniambia ni ndogo mno, tukabishana kwenye simu hadi salio likaisha. Uzio umekamilika, uko hapa mlangoni, umebaki kupakwa rangi ya pili. Tunaondoka Alhamisi saa kumi na moja alfajiri kwa gari la kukodi, mimi, mke wangu, mwalimu na mkewe, pamoja na dada.